Nyumbani Hapawekwi

Mwalimu Gwakisa alifumbua macho, akanitazama, akasema, "…kumbe aliyevaa kofia ni yule mbuzi!" Kisha akacheka mpaka kiti kikatikisika.

Mkewe alikuwa amesimama karibu na dirisha na mwavuli unaochuruzika. Kisa hicho cha mbuzi kilianza mwezi wa Aprili, humu humu kituoni, mwalimu alipokuwa anaondoka kwenda kufundisha watoto wa wachimbaji huko Mwezini. Sasa ni Novemba. Mama wa watu alishasahau mbuzi gani na kofia gani. Lakini alicheka naye, kwa sababu mumewe amerudi salama, na kwa sababu hapa Tukuyu ndiyo adabu yetu: mtu akitolewa, unamalizia naye alichokuwa anakisema hata kama kimeota ukungu.

"Karibu nyumbani, mwalimu," nikamwambia. "Usisimame haraka. Kichwa bado kinakuja."

Akanikazia macho. "Tusa! Umenenepa lini? Dakika moja iliyopita ulikuwa mwembamba."

"Ni miezi saba, mwalimu. Wewe ulikuwa umewekwa, mimi nilikuwa nakula."

Hiyo ndiyo kazi yangu, na naipenda kuliko ninavyokubali mbele ya mwajiri. Mimi ni mtunza rundo. Watu wote wa wilaya hii wanaofanya kazi za mbali hupita kwenye kiti changu wakirudi, na mimi ndiye ninayewarudishia walichokiacha. Wapo wanaorudi wakicheka, wapo wanaorudi wakiwa katikati ya chafya. Mmoja alirudi akamaliza kusali Baba Yetu, akafumbua macho, akashangaa nywele zangu.

Kila msafiri ana kifaa tunachokiita kishikizo, kidogo kuliko punje ya ulezi, kinakaa nyuma ya sikio. Mtu anapotoka mahali kwenda pengine, anaandika neno weka kwenye kibao chake cha mkononi, na kishikizo kinapachukua mahali pale kama palivyo ndani yake. Alikuwa anafanya nini, anawaza nini, neno gani lilikuwa mdomoni, moyo umekaaje. Vyote hivyo vinabaki rundoni, naye anafika aendako akiwa mwepesi. Anajua kuwa ana mke na watoto kama unavyojua wewe kuwa una ini. Halikuumi, hulifikirii, unafanya kazi.

Akitoka mgodini kwenda kambini, anaweka mgodi juu ya nyumbani. Akitoka kambini kwenda karakana, anaweka kambi juu ya mgodi. Kila mahali panalala juu ya pale palipotangulia, kama sahani kabatini, na pa mwisho kuwekwa ndipo pa kwanza kutolewa. Kuweka, mtu anaweza kujiwekea popote alipo. Kutolewa ni lazima awe kwenye kiti, mbele ya mtunza, kwa sababu kichwa huzunguka, na zamani watu waliwahi kuanguka ngazini.

Mimi sina picha wala vitufe vya rangi. Nina skrini nyeusi na mstari mmoja unaopepesa, ambao sisi wa kazi hii tunauita ganda. Unaliandikia amri, linatii. Weka. Toa. Geuza, ukitaka cha chini kipande juu na cha juu kishuke. Onyesha, ukitaka kuona rundo zima. Futa. Tena kuna enda, na hii ndiyo niipendayo, kwa sababu ukiiandika tupu, bila kutaja mahali, inampeleka mtu nyumbani. Ganda halihitaji kuambiwa nyumbani kwa mtu ni wapi. Linajua siku zote.

Ndiyo maana chuoni walitukaririsha sentensi moja: nyumbani hapawekwi. Pako tu, pa nini kupahifadhi? Na hakuna anayeitii. Asiyeweka nyumbani analia kwenye mashimo ya barafu, machozi yanagandia ndani ya kofia, kazi inalala. Kwa hiyo watu wanaweka, na kutokana na ukaidi huo tukapata desturi nzuri kweli, chai ya kuweka. Siku ya safari familia nzima inakuja kituoni mapema, imeoga, imebeba chupa ya chai na maandazi. Hakuna anayetaja paa linalovuja. Mawifi wasiosalimiana wanasalimiana. Nimeshaona mama mkwe akitekenywa na mkwewe ili acheke. Kicheko kikikolea, msafiri anaandika weka, na hapo ndipo atakaporudi: kwenye chai ya moto na watu wake wanaocheka.

Mzee Ambakisye Mwakifuna aliondoka bila chai.

*

Mkewe alikuja kituoni Jumatano asubuhi na hotpoti kifuani, ameifunika kwa kanga mvua isiipate.

"Shikamoo, Mama Atupele."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado."

"Basi kula kwanza. Ninalotaka kukuomba halifai kusikilizwa na njaa."

Zilikuwa ndizi na maharage, zimeungwa kwa maziwa mgando kama anavyojua yeye peke yake. Nikala. Yeye akakaa kwenye kiti cha kutolea, miguu haigusi chini, akitazama skrini yangu nyeusi kwa chuki, kama vile imemkopa kitu ikakana.

"Baba Atupele anafika kesho," alisema.

"Najua, mama. Yuko kwenye ratiba yangu ya mchana."

"Na harusi ni Jumamosi."

"Hiyo naijua zaidi. Gauni langu liko tayari, na viatu nimeshavifanyia mazoezi."

Hakucheka. Akanieleza.

Aprili ile, siku moja kabla ya safari, mzee alikuwa sebuleni kwake. Yeye ni msimamizi wa mashine za kukata barafu huko Mwezini, mtu wa heshima, na alikuwa amemtafutia binti yake nafasi ya kazi huko huko. Atupele akasema haendi. Anaolewa na Lugano wa Kyela, mkulima wa kakao, ambaye hana kishikizo na hakitaki.

"Mzee akasema kijana asiye na kishikizo anabeba kila kitu kichwani kama kuli, hatafika popote. Atupele akasema hataki mtu wa kufika popote, anataka mtu aliyepo. Maneno yakapanda. Mimi nikaingia kati, nikayapandisha zaidi, Mungu anisamehe. Mwisho mtoto akasimama mbele ya baba yake, akamwambia, 'Baba, nitajie siku moja. Siku moja tu ambayo ulikuwa hapa nami mzima, hujaacha kitu mahali popote. Uitaje, nami nikikumbuka kuwa ni kweli, namwacha Lugano.'"

"Akajibu nini?"

"Akafungua mdomo. Akaufunga. Akachukua kibao mfukoni, akaandika weka."

Nikaacha kutafuna.

"Pale pale, Tusa. Tukauona uso unalainika kama nguo inayopigwa pasi. Akatuangalia kwa upole, akasema, 'Mama Atupele, koti langu liko wapi?' Akampiga mtoto begani hivi, kwaheri, akaenda kulala hoteli karibu na uwanja wa ndege. Sisi tukabaki tumesimama."

Nimefanya kazi hii muda mrefu, nimesikia watu wanaweka msibani na watu wanaweka kwa daktari wa meno. Katikati ya swali la mtoto sikuwa nimesikia.

"Ile hasira sisi tumeila siku kwa siku mpaka ikaisha," alisema Mama Atupele. "Mtoto alilia, akaacha. Mimi nilinuna, nikachoka kununa. Washenga wakaja, baba yake mdogo akawapokea, tukaelewana, kanisa limeshatangaza. Lakini mwenzetu yake ameitia kwenye jokofu. Ukimtoa kesho, kwake ni dakika ile ile. Atasimama hapa na hasira mbichi, na keshokutwa yake ni harusi. Na je, akiitaja hiyo siku? Atupele unamjua. Kichwa chake ni cha baba yake. Akishindwa ataacha kijana kweli, kwa sababu alisema."

"Unataka nini, mama?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Futa."

Futa ni amri fupi sana. Huandiki kwa nini. Mahali panapofutwa haparudi, na mwenyewe hajui kuwa palikuwepo. Mzee angetoka kitini akiwa na mkewe, na binti yake, na Tukuyu yake, ila saa ile ya Aprili ingekuwa haikutokea. Angeambiwa kuna harusi, angeshangaa, angefurahi, angeuliza suti yake ya kijivu iko wapi. Nami ningecheza na viatu vyangu. Mbona nilikuwa naiona kabisa!

"Mama, tuna kiapo," nilisema. "Mtunza hafuti mahali pa mtu ila mwenyewe ameomba. Sio pangu."

"Ni pa nani?"

"Pa mzee."

"Peke yake?" Akashuka kitini. "Mimi nilikuwepo, Tusa! Nusu ya ule ugomvi ni wangu, nimeupiga kwa mdomo wangu. Nusu yangu nimeshaifuta bila kompyuta ya mtu yeyote. Nakuomba unisaidie hiyo iliyobaki."

Nikaweka kijiko chini. Kiapo chetu kimeandikwa na watu ambao nadhani hawakuwahi kugombana sebuleni. Kinazungumza kama vile mtu huweka mahali ambapo yuko peke yake. Nikamwambia nitafikiri. Akaniachia hotpoti, akasema nitairudisha siku ya harusi. Chakula kilikuwa kitamu mno kwa mtu ambaye hajakubali.

*

Alhamisi mzee Ambakisye aliingia akipiga mluzi.

Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye masikio makubwa ambayo Atupele ameyarithi na kuyaficha kwa vilemba. Alikuwa na begi moja na jiwe la kijivu la kunipa mimi. Kila anayerudi huniletea jiwe; nimezungushia bustani yangu ya maua.

"Tusa, mwanangu! Hujambo? Tukuyu inanyesha?"

"Sijambo, shikamoo baba. Ilishaacha lini?"

"Marahaba, marahaba." Akakaa kitini kwa ustadi wa mtu aliyekikalia mara nyingi. "Na watu wangu?"

"Wako chumba cha wageni. Nikimaliza nitawaita."

Kupitia kioo cha mlango nilimwona Mama Atupele amejishika mikono. Kando yake Atupele, amevaa gauni la kawaida na viatu vya mvua, hanitazami mimi. Anamtazama baba yake kisogoni.

Nikaandika onyesha.

0  Kambi ya Barafu, Mwezini
1  Nyumbani, Tukuyu

Kwa kawaida hapo kazi ni rahisi. Unaandika geuza, nyumbani panapanda juu na kambi inashuka kumngoja safari ijayo. Unaandika toa. Mtu anafumbua macho na kumalizia kicheko chake. Mimi niliandika futa 1.

Sikubonyeza. Maneno yakakaa pale, mstari unapepesa mwishoni mwake. Ganda halikuulizi kama una uhakika. Mitambo mingine inauliza mara mbili mbili, inakubembeleza, inakuonyesha alama ya hatari. Ganda linangoja kidole tu. Nimelipenda kwa sababu hiyo miaka yote, na mchana ule nililichukia.

Nilimtazama mzee. Macho ameyafumba, anatabasamu, anagonga mkono wa kiti kwa vidole akifuata mluzi wake. Alikuwa mtu mwema kabisa. Hakuna aliyeweza kugombana na mtu huyu, na ukweli ni kwamba hakuna aliyeweza kufanya naye kitu kingine chochote, maana hakuwa amefika. Nikifuta, nitawapa mkewe na binti yake huyu huyu, moja kwa moja. Atampeleka mtoto kanisani akiwa na amani asiyojua ilitoka wapi. Na Atupele, akimshika mkono, atajua.

Nikafuta ile futa yenyewe, herufi moja moja. Lakini kumtoa pia sikuweza, kumrushia hasira mbichi usoni bila kumwonya, siku mbili kabla ya harusi. Huo nao ungekuwa uamuzi wangu mimi, niliyewahi kula kwao. Nikaandika enda, tupu.

Mzee akavuta pumzi ndefu. "Aa," alisema. "Mvua." Uso wake ukajaa taratibu, nadhani aliisikia harufu ya udongo, akakumbuka kitanda chake na sauti ya bati lake. Kisha akakunja uso. "Mbona sina neno mdomoni? Siku zote huwa nakuja na neno."

"Sijakutoa, baba. Nimekuleta nyumbani kwa njia ya wazi. Pale ulipopaweka pamebaki, sijapafungua wala sijapafuta."

"Kwa nini?"

"Uliweka katikati ya ugomvi."

Vidole vikaacha kugonga. "Chai je?"

"Hapakuwa na chai."

Akaona aibu, na mtu mrefu hivyo akiona aibu kiti kizima kinaonekana kidogo. Nikamweleza lililonihusu kumweleza, kwamba harusi ya Atupele ni Jumamosi na ndugu yake aliyepokea washenga ndiye wa kumpeleka binti kanisani, kwamba pale alipopaweka ni mahali pabaya, kwamba anaweza kupafuta na hatahisi kitu, kwamba anaweza kupafungua na atahisi vyote. Nikamwambia amri ataitoa yeye. Halafu nikafungua mlango kwa sababu Mama Atupele alikuwa ameshaanza kuusukuma.

"Karibu, mume wangu," alisema, akimshika mikono yote miwili. "Umekonda. Futa, twende nyumbani tukale. Sisi tumeshasahau."

"Mimi sijasahau," alisema Atupele.

"Wewe nyamaza."

"Sijasahau, mama. Nilimwuliza swali."

Mzee akamgeukia. Alimtazama kwa upendo, upendo wa wazi wa baba anayerudi safari. "Uliniuliza nini, mama? Niulize tena. Nitakujibu sasa hivi."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Wewe sikukuuliza." Hakushusha sauti. "Nilimwuliza aliyekuwa amekasirika. Yule ndiye aliyekuwa ananijua siku ile, alikuwa anajua nimesema nini na kwa nini limemuuma. Wewe ukinijibu utanijibu vizuri tu, kama mgeni. Nataka anijibu yule aliyekimbia."

"Atupele!" alisema mama yake. "Akitaja siku, utafanya nini? Kanisa limeshatangaza!"

"Nitafanya nilichosema."

Mama Atupele alinitazama mimi, na macho yake yalikuwa yananiuliza ni nini nimewafanyia. Nikainamia viatu vyangu. Nilitamani ile futa.

Mzee Ambakisye alikuwa anatazama skrini. Alitazama ule mstari wa pili, Nyumbani, Tukuyu, muda mrefu. "Huko Mwezini," alisema polepole, "vijana wangu huniuliza mbona sina hasira kamwe. Najisifu. Nawaambia mimi nimezaliwa hivyo." Akajiegemeza kitini. "Mke wangu, nishike mkono. Tusa, geuza. Kisha toa."

Nikaandika. Safari hii nilibonyeza.

Nimeona watu wengi wakirudi. Sijaona mwingine aliyerudi vile. Shingo ilikaza kwanza, halafu taya, halafu akachomoa mkono kwa mkewe na kusimama kabla kichwa hakijafika, kidole kikiwa hewani kinamwelekea Atupele. Mdomo ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi tangu Aprili.

Mkono wake wa kushoto ukaingia mfukoni. Ukatoka na kibao. Kidole gumba kikatafuta herufi ya kwanza bila yeye kukitazama, kwa mazoea tu, kama mtu anayejikuna. Mimi nina kitufe cha kuzuia kuweka. Kipo kwa ajili ya dharura, na Mama Atupele anajua kipo. Akanitazama nikibonyeze, au pengine nisikibonyeze, sijui. Nikaweka mikono yangu magotini. Atupele hakusogea. Alimtazama baba yake kidole gumba.

Ndipo mzee naye akakiona. Akakitazama kidole chake kama kitu cha mtu mwingine. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Akaweka kibao kwenye mkono wa kiti, kikateleza, kikaanguka sakafuni, hakuna aliyekiokota.

"Ipo," alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ya ugomvi. "Unadhani haipo? Ipo!"

"Itaje, baba."

"Ulikuwa na miaka sita. Kishikizo changu kiliharibika, wakakitoa, kipya kikachelewa. Nikakupeleka Daraja la Mungu. Ukaogopa kuvuka, nikakubeba mgongoni, na katikati ukanipiga kichwani ukasema simama. Ulikuwa umeona kinyonga. Tukakaa pale juu ya jiwe tunamtazama kinyonga, na mto unapiga kelele chini, mpaka mvua ikatukuta. Nilikuwa na wasiwasi wa kazi siku ile. Nilikuwa na baridi na njaa, na kiatu kimoja kinavuja. Na wewe ulikuwa unacheka masikioni mwangu. Vyote nilikuwa navyo pale pale kwa pamoja. Sikuwa nimeacha kitu mahali popote."

Atupele alikuwa amejishika mdomo. Nilimwona anakumbuka, iliingia usoni mwake kidogo kidogo, na kila ilivyoingia rangi ilizidi kumtoka.

"Ni kweli," alisema. "Ulikuwepo."

"Nilikuwepo!"

"Ulikuwepo, baba. Umeshinda."

Mama Atupele akaketi chini, sakafuni kabisa, na kanga yake yenye maji. Mimi nilikuwa nimevunja harusi ya watu kwa amri tatu fupi.

Mzee alibaki amesimama na ushindi wake. Bado alikuwa anahema. Akatazama binti yake, akatazama mkewe sakafuni, akarudi kwa binti yake, na nikaona midomo yake inasogea bila sauti, kama mtu anayehesabu moyoni.

"Natafuta ya pili," alisema hatimaye. "Tangu nisimame hapa natafuta ya pili. Nilitaka nikutajie kumi, nikukomeshe." Sauti ile ya ugomvi ikakatika katikati. "Siioni, Atupele. Ni hiyo moja."

Mzee akajifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayeosha.

"Mtu hawezi kuzuia ndoa ya mtoto kwa siku moja ya kinyonga," alisema. "Huyo wa Kyela, anazo ngapi?"

"Zote, baba. Tangu nimjue."

"Mjinga yule," alisema mzee, na akaanza kulia. "Jumamosi nitakupeleka mimi. Baba yako mdogo akae kwenye benchi."

Atupele akamkumbatia, na kilemba chake kikasogea, masikio yote makubwa yakaonekana. "Basi hiyo itakuwa ya pili," alimwambia.

"Lakini bado nina hasira. Ujue hilo. Ninazo nyingi, na mama yako ana sehemu yake."

"Njoo nazo hivyo hivyo," alisema Atupele.

Akamwinua mama yake kwa mkono mmoja, akamshika baba yake kwa mwingine, wakatoka mlangoni wote watatu wakiongea kwa pamoja.